Makubaliano ya Asiyeweza Kukataa

Mtu akiuza kwa hiari yake, na mwingine akanunua kwa hiari yake, bei ikatajwa hadharani na wote wawili wakaitikia, je, biashara hiyo imekwisha kuwa ya haki? Wengi wangejibu upesi kwamba ndiyo. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeshikiwa fimbo. Walakini mkulima wa pamba wa Bariadi, asimamapo mbele ya mzani na marobota yake, angejibu polepole zaidi, maana yeye aijua hiari ya namna nyingine: hiari ya mtu ambaye karo ya shule imekwisha kudaiwa, ambaye mazao yake hayaliki wala hayasagwi, na ambaye ghala hana. Huyo huitikia bei; lakini kuitikia kwake kwafanana sana na kunyamaza.

Swali la mzani wa kijijini ndilo lile lile la meza kubwa ambako mataifa hutia sahihi mapatano ya biashara huria. Huko nako husemwa kwamba kila serikali imeketi kwa hiari, imesoma, imekubali. Kilichobaki ni kutimiza. Wako wasemao kwamba mambo hayo ni ya mawaziri na wanasheria, wala hayaihusu familia iliyoketi jioni kula ugali. Sisi twaona yaihusu sana, hasa familia ya Simiyu, maana shati alilovaa mtoto wa huko na pamba aliyoichuma mama yake vimefungwa pamoja katika karatasi hizo.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Bariadi ikawa makao yake. Wilaya zake, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ndizo ghala la pamba la Tanzania. Kwa miaka mingi takribani nusu ya pamba yote ya nchi imetoka huko. Pamba hupandwa mvua zianzapo mwishoni mwa mwaka, hupaliliwa, hunyunyiziwa dawa, huchumwa kwa mikono, na msimu wa kuuza hufunguliwa kwa desturi mwezi wa Mei. Kilo moja ya pamba mbegu ikichambuliwa hutoa nyuzi kadiri ya theluthi moja. Zilizobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Kazi hizo mbili, kuchambua na kukamua, Simiyu inazo. Baada ya hapo marobota hupakiwa kwenda pwani, na sehemu kubwa huvuka bahari hadi Asia, yakasokotwe na kufumwa na mikono mingine.

Hapo ndipo hesabu huanza kuuma. Gramu mia tatu hivi za nyuzi, ambazo ni zao la kilo moja tu ya pamba mbegu, zatosha shati la mtu mzima. Mwaka 2019 bei elekezi ya kilo hiyo ilikuwa shilingi 1,200. Nani awezaye kuingia dukani na kununua shati jipya kwa shilingi 1,200? Tofauti ya bei hizo mbili si wizi, tusimsingizie mtu. Ni ujira wa msokotaji, wa mfumaji, wa mtia rangi, wa mshonaji, ni nauli ya meli na faida ya mwenye duka. Lakini ni ujira ambao vijana wa Bariadi hawaupati. Na mwaka huo wa 2019 hata hizo shilingi 1,200 zilichelewa. Marekani na China zilikuwa zikigombana kwa kutozana ushuru, bei ya pamba duniani ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakakaa miezi wakingoja malipo ya pamba waliyokwisha kuipeleka kituoni. Wakubwa wawili waligombana Washington na Beijing, na gharama ikaandikwa katika daftari la chama cha msingi huku kwetu, ambako hakuna hata mmoja aliyeulizwa neno.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wapate kuuza wenyewe bila kupunjwa na walanguzi. Upande wa Uganda, kiwanda cha Nyanza Textile kilijengwa Jinja, ambako bwawa la umeme la Owen lilifunguliwa mwaka 1954. Baada ya uhuru, Kisumu ikapata kiwanda cha Kicomi, Eldoret ikapata Rivatex, Mwanza ikapata Mwatex, Musoma ikapata Mutex, na Dar es Salaam ikajengewa Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Msomaji akiitazama ramani ataona kwamba vingi vya viwanda hivyo vililizunguka Ziwa Victoria au vilikuwa karibu nalo. Pamba ilikuwapo, maji yalikuwapo, na wavaaji wa kanga, kaniki na sare za shule walikuwa mamilioni.

Viwanda hivyo vikadhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, vingine vikafungwa kabisa. Milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba na vitambaa vya Asia viliingia kwa wingi, na kitambaa cha nyumbani kikashindwa kwa bei. Walakini yafaa tuseme kweli yote: mgonjwa hakuuawa na upepo wa mlangoni peke yake. Mitambo ilikuwa imechakaa, umeme ulikatika, madeni yalirundikana, na mabwana wakubwa wa viwanda hawakuulizwa hesabu. Wazee wetu wakumbuka jinsi walivyopanga foleni kutwa nzima wapate jozi moja ya kanga, na hiyo ilikuwa wakati soko lote lilikuwa la kiwanda cha nyumbani bila mshindani. Neno hili tutalirudia.

Kwanza tutazame namna majirani walivyojaribu kulijibu swali letu, maana walilijibu, na jibu lao limesahauliwa mno. Tangu siku za ukoloni Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na soko moja na forodha moja. Bidhaa zilipita mipaka bila ushuru, na kwa maandishi wote walikuwa sawa. Lakini viwanda vilijijenga Nairobi na kando yake, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mabenki, walowezi wenye fedha na wanunuzi. Tanganyika na Uganda zikawa soko la viwanda vya jirani, na ushuru wa pamoja uliowekwa mipakani ukazizuia zisinunue nje kwa bei nafuu zaidi. Hakuna kifungu kimoja kilichosema Kenya ipendelewe. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na gari la kupitisha humo.

Mwaka 1964 viongozi wa nchi hizo tatu wakapatana Kampala kugawana baadhi ya viwanda vipya, ili kila nchi ipate chake na wenzake wakinunulie. Mapatano hayo hayakutimizwa kama yalivyoandikwa. Ndipo mwaka 1967, katika mkataba uliounda Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, likaingizwa neno ambalo sisi twaliona la busara kubwa: nchi iliyo nyuma kwa viwanda iliruhusiwa kwa muda kutoza kodi maalumu juu ya bidhaa za jirani aliyetangulia, iwapo nayo inatengeneza bidhaa za namna hiyo. Hali kadhalika Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuwekeza asilimia 38.75 ya fedha zake Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Yaani mwenye nguvu alitia sahihi yake kukiri kwamba usawa wa maneno si usawa wa watu, na kwamba ndugu aliyechelewa sharti angojewe. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu nyingi ambazo hatuna nafasi ya kuzieleza hapa. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulipoanza Januari 2005, bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru uliopunguzwa mwaka hata mwaka hadi ukaisha mwaka 2010.

Sasa tulinganishe na jambo lililotupata kwa watu wa mbali. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria iitwayo AGOA, iliyoziruhusu nchi nyingi za Afrika kuingiza bidhaa zao huko bila ushuru, nguo zikiwamo. Kenya ilifaidika kuliko majirani zake. Maelfu kwa maelfu ya wasichana na wavulana walipata kazi ya kushona Athi River na kwingineko, na hatuwezi kuidharau kazi iliyolisha nyumba nyingi hivyo. Lakini sheria iliruhusu kitambaa kitoke popote duniani. Aghalabu kilitoka Asia. Shati likashonwa Kenya, likaitwa la Afrika, likauzwa Marekani, wala halikuwa na uzi mmoja wa Bariadi au wa Busia. Tena AGOA haikuwa mkataba. Ilikuwa sheria ya upande mmoja, hisani kwa jina lake halisi, na mtoa hisani alibaki na ufunguo mfukoni: Ethiopia iliondolewa mwanzoni mwa 2022, Uganda mwanzoni mwa 2024, na muda uliowekwa mwaka 2015 ukafikia ukomo Septemba 2025 huku wenye viwanda wakiwa hawajui waagize kitambaa au waage wafanyakazi.

Nguvu ya ufunguo huo ilionekana wazi katika habari ya mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kupunguza mitumba hatua kwa hatua, hata ikome kuingizwa ifikapo mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vipate kupumua. Ushuru ukapandishwa. Machi 2017 chama cha wafanya biashara ya nguo kuukuu huko Marekani kikaishtaki Jumuiya mbele ya serikali yao, kikidai kwamba kazi 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Serikali hiyo ikatangaza kwamba itachunguza kama Rwanda, Tanzania na Uganda zastahili kubaki katika AGOA. Kenya ilikwisha kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa Marekani.

Je, nchi zilizorudi nyuma zilikubali? Kwa karatasi, ndiyo. Hakuna jeshi lililotumwa, hakuna aliyelazimishwa kwa mkono. Zilipima hasara na faida, zikachagua. Lakini alimradi ukikataa utanyang'anywa kile kidogo ulicho nacho, na mwenzako akikataliwa hapungukiwi hata na kifungo cha shati, hiari hiyo ni ya mkulima mbele ya mzani.

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, akiandika juu ya mishahara, alifundisha kwamba haitoshi mwajiri na mfanyakazi kupatana. Kuna haki iliyo kubwa kuliko mapatano na iliyoyatangulia, nayo ni kwamba mshahara usipungue riziki ya mtu mwenye juhudi. Anayekubali ujira mdogo kwa kuogopa njaa ameshindwa nguvu, ijapokuwa ameitikia. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa mkataba wa Afrika Mashariki, Papa Paulo VI alilichukua fundisho hilo akalipeleka kwa mataifa: biashara huria yaweza kufaa ambapo pande zote zakaribiana kwa nguvu, lakini ambapo hazilingani, uhuru wa soko peke yake hauwezi kuwa sheria ya haki. Hakusema biashara ni dhambi, wala hakusema mipaka ifungwe. Alisema mapatano yahukumiwe kwa hali ya waliopatana.

Sasa turudi kwenye zile foleni za kanga, maana yuko msomaji ambaye amekuwa akingoja kutuuliza, na ana haki. Mama mjane wa Maswa, mwenye watoto watano, hununua mitumba katika mnada kwa sababu ndiyo bei aiwezayo. Mkifunga mitumba, au mkiipandishia ushuru, ni nani alipaye? Si waziri, wala si mwenye kiwanda. Ni yeye. Kila ushuru uwekwao kukilinda kiwanda cha nguo hukatwa katika mfuko wa mvaaji, na katika nchi yetu wavaaji wengi ni maskini. Hoja hii ni nzito, na wale waisemao si wasaliti wa taifa kama wengine wapendavyo kuwaita.

Twaijibu hivi. Ulinzi wa kiwanda ni mkopo. Mjane wa Maswa, kwa kulipa zaidi kidogo kila anunuapo gauni, amemkopesha mwenye kiwanda, tena bila riba na bila kuulizwa. Mkopo sharti ulipwe: kwa kazi za vijana, kwa kitambaa kizuri ambacho bei yake yashuka kadiri miaka iendavyo, na kwa pamba kununuliwa kwa bei ambayo mkulima, ambaye pengine ndiye mjane yule yule, aweza kuishi nayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkopo ulichukuliwa, wala haukulipwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda ajaye leo kuomba ulinzi aulizwe kwanza maswali ya mkopeshaji: atanunua marobota mangapi ya hapa nchini, atalipa lini, na ulinzi utaisha mwaka gani. Tangu Julai 2022 Jumuiya imeweka ngazi mpya ya ushuru wa pamoja, asilimia 35, kwa bidhaa zitokazo nje, nguo na vitambaa vikiwamo. Ila kila mwaka nchi moja moja huomba ruhusa ya kutoza viwango vyake yenyewe. Mara nyingi twaona ushuru ukipandishwa na kushushwa. Ni mara chache tumesikia mwenye kiwanda akidaiwa hesabu ya kile alichofanya na nafasi aliyopewa.

Na ikiwa twadai haki kwa walio na nguvu kuliko sisi, hatuna budi kutazama mahali ambapo sisi ndio wenye nguvu. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Bidhaa za viwanda vya Dar es Salaam zapita maziwa na mipaka kwenda huko, na mfanya kazi wa Bujumbura aweza kututazama kama sisi tulivyoitazama Nairobi mwaka 1964. Je, tutamngojea? Karibu zaidi, pana mzani wenyewe. Karani aipunguzaye kilo ya mkulima asiyejua kusoma anafanya kwa kidole kile ambacho twalalamika kufanyiwa kwa sheria. Mkulima naye, akitia maji na mchanga ndani ya pamba ili izidi uzito, hamkomoi karani. Ameichafua pamba ya mkoa mzima mbele ya msokotaji, na bei ya jirani yake mwaminifu yashuka pamoja na yake.

Neno la mwisho tulilo nalo ni juu ya uzi. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia sahihi mkataba wa ubia na Umoja wa Ulaya. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliandika waziwazi akiupinga, kwa kuwa aliona utaua viwanda vichanga, na Bunge likashauri usiridhiwe. Kenya, ambayo kwa kukosa mkataba maua yake yangetozwa ushuru Ulaya ilhali ya majirani maskini zaidi yangesamehewa, ilikuja kutia sahihi peke yake mwaka 2023. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, hatuwahukumu Wakenya. Lakini Jumuiya iliingia chumbani ikiwa moja, ikatoka vipande. Katika mapatano ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, yaliyotiwa sahihi Kigali Machi 2018, kanuni za kuamua ni nguo ipi ihesabiwe kuwa ya Afrika zilikuwa miongoni mwa zile zilizochelewa zaidi kukubaliwa. Ubishi wenyewe ni huu: je, shati ni la Afrika likishonwa tu Afrika, au mpaka kitambaa chake kiwe kimefumwa Afrika kwa uzi uliosokotwa Afrika? Wenye cherehani wataka neno la kwanza, nao wana wafanyakazi wa kulisha. Nchi za pamba zina sababu ya kutaka la pili, hata kama ni kwa hatua na kwa miaka kadhaa.

Kwa barabara, Bariadi ipo karibu zaidi na Kisumu kuliko na Dar es Salaam, na pamba ya Kenya haivitoshi viwanda vya Kenya. Robota laweza kuvuka Sirari kwa lori asubuhi likafika kwa msokotaji kabla jua halijatua, bila ushuru hata senti. Njia hiyo imekwisha kukubaliwa kwa sahihi za wote. Wajumbe wetu watakapoketi tena katika meza hizo, waulizwe juu ya uzi kabla hawajaondoka nyumbani, na waulizwe na wabunge wa Simiyu wenyewe, ambao wapiga kura wao ndio waliouchuma.